Sura ya 7: Komiki Yenye Daraja, Ninunue au Niache?

"Hii komiki imepewa 9.8 na wananiuzia elfu kumi na tano. Ninunue?"

Swali hili linaulizwa na watu wengi hapa Eastlands, kila mmoja na sababu yake. Kijana wa Majengo ameona video ya Mmarekani aliyeuza kitabu kimoja cha picha kwa bei ya nyumba. Mama wa mtaa wa California anataka kumpa mwanawe zawadi ya kudumu, si ya kuvunjika kabla ya Januari. Fundi wa simu wa Shauri Moyo amepokea zamu yake ya chama na anatafuta pa kuiweka ili isiliwe na vijisababu vya kila siku. Wote watatu wanataka kujua jambo moja: je, kitabu cha picha kilichofungwa ndani ya plastiki ngumu, chenye namba kubwa juu yake, ni mali?

Nitatoa jibu langu mapema ili usome sura hii ukijua inakoelekea. Kwa mnunuzi wa kawaida wa Nairobi, komiki ya kisasa yenye daraja haifai kununuliwa kama akiba. Zipo hali chache inapofaa, nami nitazitaja. Zipo pia komiki zilizochorwa hapa hapa Nairobi ambazo zinatoweka mbele ya macho yetu huku tukihangaikia za ng'ambo.

Komiki yenye daraja ni nini?

Komiki ni kitabu au gazeti linalosimulia hadithi kwa michoro iliyopangwa kwenye visanduku, maneno ya wahusika yakiwa ndani ya viputo. Wakusanyaji huziita "za kisasa" zile zilizochapishwa tangu katikati ya miaka ya 1980 hadi leo.

Daraja ni alama anayopewa kitabu kulingana na hali yake: kona zimechongoka au zimekunjika, mgongo una mikunjo au umenyooka, kurasa ni nyeupe au zimegeuka manjano, pini zina kutu au ni safi. Kampuni inayojulikana zaidi kwa kazi hii ni CGC ya Marekani, iliyoanza mwaka 2000. Inayo washindani, kama vile CBCS.

Kazi yenyewe huenda hivi:

1. Mwenye komiki huituma kwa kampuni na kulipa ada.
2. Wakaguzi huhesabu kurasa na kuangalia kama kitabu kimewahi kukarabatiwa kwa siri, kwa mfano kwa kupakwa rangi penye mchubuko au kugundishwa palipochanika.
3. Zaidi ya mkaguzi mmoja hukitazama, kisha alama moja hufikiwa kati ya 0.5 na 10.
4. Kitabu hufungwa ndani ya kasha la plastiki ngumu lisilofunguka bila kuvunjwa.
5. Lebo yenye alama na namba ya pekee huwekwa juu. Namba hiyo unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya kampuni.

Rangi ya lebo nayo ina maana yake. Kwa CGC, bluu ni kitabu cha kawaida, njano ni kitabu kilichotiwa sahihi mbele ya shahidi anayetambuliwa na kampuni, na zambarau ni kitabu kilichokarabatiwa. Anayekuuzia kitabu cha zambarau kwa bei ya bluu anakupunja, hata kama alama zinalingana.

Alama ya 9.8 ni karibu ukamilifu. Tofauti yake na 9.6 inaweza kuwa mkunjo mdogo kwenye mgongo ambao wewe na mimi tungeukosa bila taa kali. Hata hivyo, tofauti hiyo ndogo huweza kufanya bei ipande mara mbili au zaidi.

Gikomba tunalijua daraja

Mkazi wa Pumwani hahitaji kufundishwa maana ya daraja. Ng'ambo ya barabara iko Gikomba, na Gikomba yote inaendeshwa kwa daraja. Belo la nguo likifunguliwa asubuhi, wateja wazoefu huwa tayari wamelizunguka. Nguo safi kabisa, yenye mshono imara na lebo ya jina kubwa, ni kamera, nayo huondoka kwa bei ya juu kabla jua halijachomoza vizuri. Zinazofuata hupangwa kwa hali zake. Za mwisho, zenye madoa na zipu zilizokufa, ni fagia, na humwagwa chini ziuzwe kwa bei ya kutupa.

Mfumo huu una mambo mawili ya kutufundisha kuhusu komiki.

La kwanza ni kwamba daraja hueleza hali tu. Shati la kamera ni shati zuri, lakini kama belo zima lina mashati mia ya kamera yanayofanana, hakuna atakayeuza moja kwa bei ya ajabu. Bei hutokana na hali pamoja na uchache pamoja na hamu ya wanunuzi. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo vitatu, bei inaporomoka.

La pili linahusu imani. Mteja wa rejareja huishika nguo, huigeuza, huivuta mshono. Mfanyabiashara anayenunua belo lililofungwa hana nafasi hiyo. Analipa kwa kuamini neno la aliyepanga nguo huko zilikotoka, na kila mzoefu wa Gikomba ana kisa cha belo lililoandikwa daraja la kwanza likatoa matambara. Komiki iliyomo kwenye kasha iko katika hali ya belo lililofungwa. Unaona jalada la mbele na la nyuma. Yaliyo ndani unayanunua kwa kuamini lebo.

Mara nyingi imani hiyo ina msingi, lakini imewahi kuvunjwa. Mwishoni mwa mwaka 2023 iligundulika kwamba kuna watu waliokuwa wakitoa vitabu vya hali ya juu kwenye makasha ya CGC, kuingiza nakala duni za kitabu hicho hicho, kisha kuomba wabadilishiwe kasha huku lebo ya alama ya juu ikibaki. Kampuni ililazimika kuchapisha orodha ndefu ya namba za vitabu vilivyoshukiwa. Kama wakusanyaji wa Marekani walio karibu na kampuni yenyewe walitapeliwa, sisi tulio mbali tuna sababu zaidi ya kukagua kila namba kabla ya kutoa pesa.

Kwa ufupi: daraja ni ushuhuda wa hali ya kitabu. Halikifanyi kitabu kiwe adimu, na haliwezi kumlazimisha mtu akitamani.

Kwa nini komiki za kisasa hazina uhaba

Mwaka 1938 komiki ya kwanza yenye Superman, Action Comics namba 1, iliuzwa senti 10 za Marekani. Watoto waliisoma, wakaikunja mfukoni, wakabadilishana, na mama zao wakaitupa. Baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu ili zitumike upya kwa mahitaji ya vita, na komiki nyingi zikaenda huko. Leo inakadiriwa kwamba zimebaki nakala zipatazo 100. Ndiyo maana mwezi wa Aprili 2024 nakala moja yenye daraja la 8.5 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 6. Iliadimika kwa sababu hakuna aliyedhani kwamba inafaa kuwekwa.

Habari za mauzo kama hayo zilipoenea, watu walianza kununua komiki mpya na kuziweka bila kuzisoma, wakingoja utajiri. Mwaka 1991 kampuni ya Marvel ilitoa X-Men namba 1 ikiwa na majalada matano tofauti ili mtu mmoja anunue nakala kadhaa. Ziliagizwa nakala zaidi ya milioni 8. Mnamo Novemba 1992 kampuni ya DC ilitoa toleo la 75 la Superman, ambamo shujaa huyo anauawa, na ikaliuza pia ndani ya mfuko mweusi uliofungwa. Watu walipanga foleni, wakanunua, wakaficha kabatini bila hata kuufungua.

Wote waliweka, kwa hiyo hakuna kilichoadimika. Soko likaporomoka, maduka mengi ya komiki yakafungwa, na mwezi wa Desemba 1996 Marvel yenyewe ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni. Zaidi ya miaka 30 baadaye, X-Men ile bado inapatikana kwa dola chache.

Kampuni za kutoa daraja zilipokuja hazikuondoa tatizo hili. Komiki ya leo hutoka kiwandani ikiwa safi. Mnunuzi huitia mfukoni mwa plastiki siku hiyo hiyo na kuituma ikapewe alama. Kwa hiyo 9.8 kwa kitabu cha 1940 ni muujiza, ilhali 9.8 kwa kitabu cha mwaka jana ni jambo la kawaida. CGC huweka hadharani orodha inayoonyesha ni nakala ngapi za kila toleo zimepewa kila alama. Isome kabla ya kununua. Ukikuta maelfu ya nakala zenye 9.8 kama hiyo unayouziwa, neno "adimu" kwenye tangazo ni la muuzaji peke yake.

Zipo za kisasa zilizopanda kweli. Teenage Mutant Ninja Turtles namba 1 ilichapishwa na wachoraji wawili wasiojulikana mwaka 1984, nakala zipatazo 3,000 tu. The Walking Dead namba 1 ya mwaka 2003 ilianza na nakala kama 7,000, kisha mwaka 2010 ikageuzwa mfululizo wa televisheni uliotazamwa duniani kote. Angalia yanayolingana katika visa hivi viwili: nakala zilikuwa chache tangu mwanzo, na umaarufu ulikuja baadaye. Aliyefaidi ni yule aliyenunua kwa sababu aliipenda hadithi kabla ya wengine. Anayenunua sasa, bei ikiwa imeshapanda, analipia faida ya huyo wa kwanza.

Jihadhari pia na bei za filamu. Studio ikitangaza kwamba mhusika fulani ataonekana kwenye sinema, komiki aliyotokea kwanza hupanda haraka. Sinema ikishatoka, mara nyingi bei hushuka. Wakati wa janga la korona, mwaka 2020 na 2021, bei zilipanda kwa jumla kwa sababu watu walikuwa nyumbani na baadhi yao walikuwa na pesa za msaada wa serikali zao. Baadaye bei za komiki nyingi za kisasa zilirudi chini. Walionunua kileleni bado wana makasha yao.

Hesabu ya mtu wa Pumwani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tufungue daftari. Takwimu hizi ni za mfano, na ada na nauli hubadilika, lakini zinakupa picha. Tuchukulie dola moja ni Sh130.

*Njia ya kwanza: unanunua komiki mpya na kuituma Marekani ipewe daraja.*

- Komiki yenyewe, dola 5: Sh650
- Ada ya daraja, dola 30: Sh3,900
- Kusafirisha kwenda na kurudi pamoja na bima, dola 60: Sh7,800
- Jumla: Sh12,350

Tuseme imepata 9.8, jambo ambalo hakuna anayekuhakikishia, na unaiuza kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 60, yaani Sh7,800. Mwenye mtandao akikata asilimia 13, zitabaki Sh6,786. Umepoteza Sh5,564, na hapo hatujagusa kodi wala nauli ya kumfikishia mnunuzi.

*Njia ya pili: unanunua iliyokwisha kupewa daraja.*

- Komiki, dola 60: Sh7,800
- Kuifikisha Nairobi, dola 40: Sh5,200
- Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16: Sh2,080
- Jumla: Sh15,080

Hapo ndipo ile elfu kumi na tano ya mwanzo wa sura inapotoka. Muuzaji wa Nairobi anayekuomba kiasi hicho huenda hakuibii. Huenda anarudisha tu gharama zake na kubaki na kidogo sana. Lakini tazama siku utakapotaka kuuza. Mnunuzi wa Marekani anaweza kupata nakala kama hiyo kutoka kwa jirani yake kwa dola 60. Hatakulipa zaidi kwa sababu yako imesafiri. Ukitoa dola 40 za kuirudisha kwake, umebaki na dola 20, yaani Sh2,600, kabla mtandao haujakata chake.

Basi uiuze hapa? Wapenzi wa komiki Nairobi wapo, hukutana na hubadilishana, na idadi yao inakua. Lakini walio tayari kutoa elfu kumi na tano leo hii kwa toleo hilo hilo ulilonalo ni wachache mno. Mali ya akiba sharti iweze kugeuka pesa siku mtoto anapofukuzwa shule kwa karo au mgonjwa anapohitaji kulazwa. Kasha la plastiki haligeuki pesa kwa haraka hiyo.

Kuna na hatari za nyumbani. Kasha huzuia vidole na vumbi. Halizuii maji ya mabati yanayovuja, wala moto. Sisi tunaoishi karibu na Gikomba tunajua moto unavyofanya. Ule wa Juni 2018 uliua watu 15 na kuteketeza mali ya wengi kwa usiku mmoja. Kuweka akiba yako yote kwenye karatasi, katika nyumba zilizobanana kama zetu, ni kujitwisha wasiwasi usio wa lazima.

Kwa ufupi: gharama ya umbali humeza faida kabla haijazaliwa. Anayefaidi daraja la komiki ya kawaida ya kisasa ni kampuni inayolitoa na msafirishaji anayelibeba.

Ni lini inafaa?

Sisemi kwamba daraja ni utapeli. Ni huduma halali inayojibu maswali matatu: je, kitabu hiki ni halisi, kimekarabatiwa, na kiko katika hali gani? Nunua chenye daraja pale maswali hayo yanapokuwa na uzito kwako:

- Kitabu ni cha zamani na cha bei kubwa. Fantastic Four namba 52 ya mwaka 1966, ambamo Black Panther alitokea mara ya kwanza, ni kitabu ambacho mtu anaweza kughushi au kukarabati kwa siri. Hapo ada ya ukaguzi ni ndogo ukilinganisha na hasara ya kudanganywa.
- Sahihi ndiyo unayoitaka. Sahihi ya mchoraji iliyowekwa mbele ya shahidi ina uzito kuliko iliyochorwa na yeyote mtaani.
- Ni kumbukumbu, wala hutaiuza. Kama komiki fulani ilikushika mkono wakati mgumu, na unataka nakala nzuri ukutani, na pesa unazotoa hazitoki kwenye kodi ya nyumba wala chakula, nunua kwa moyo mweupe. Furaha nayo ni sababu halali ya kununua.
- Yenye daraja ni nafuu kuliko isiyo nalo. Hutokea. Muuzaji aliyechoka kungoja huuza kasha kwa bei iliyo chini ya gharama zake mwenyewe. Kama ulikuwa unaitaka komiki hiyo tangu awali, na yuko hapa hapa Nairobi, mchukulie.

Nje ya hali hizo, nunua nakala isiyofungwa. Itakugharimu sehemu ndogo ya bei, utaisoma, utampa mdogo wako aisome, na bado itakuwa komiki. Kwenye vibanda vya inama vya katikati ya mji, ambako vitabu kuukuu hupangwa chini na mteja huinama kuchagua, unaweza kubahatika kupata kadhaa kwa pesa ambayo isingetosha nauli ya kasha moja.

Komiki zetu zinazotoweka

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote katika sura hii. Tumejifunza kwamba kitabu huadimika pale ambapo watu walikisoma na kukitupa. Basi jiulize: ni komiki zipi zilizosomwa sana Nairobi zikatupwa?

Mwaka 1973 mwandishi Hilary Ng'weno na mchoraji Terry Hirst walianzisha gazeti la *Joe* hapa Nairobi. Joe alikuwa mtu wa kawaida wa mji: kodi inamkaba, bosi anamfokea, mshahara hauvuki katikati ya mwezi, naye anacheka ili asilie. Gazeti hilo lilichapisha michoro, vichekesho na hadithi fupi za waandishi wa hapa, likafifia mwaka 1979. Humo ndimo zilimo nguo, baa, matatu na ndoto za Nairobi ya miaka ya sabini, zikichorwa na watu walioziona kwa macho yao.

Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa *Taifa Leo* kwa miongo mingi kupitia mhusika wake wa katuni, Juha Kalulu, na vizazi kadhaa vya Eastlands vilianza gazeti kwa kumtafuta yeye kabla ya habari za siasa. Katika miaka ya 1980 ukaja mfululizo wa *Pichadithi*, uliozigeuza ngano za makabila yetu kuwa komiki, Lwanda Magere akiwa miongoni mwa mashujaa wake. Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwao, alituchorea *Akokhan*, shujaa mwenye nguvu za Kiafrika zisizoazimwa Marekani. Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu hapa hapa mjini. Mwaka 1996 Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, alimchora Abunuwasi kwa ajili ya Sasa Sema, mchapishaji wa Nairobi. Abunuwasi si mgeni Pumwani, mtaa ulioanzishwa miaka ya 1920, ambako Kiswahili na Uislamu vina mizizi na visa vyake vilikuwa vikisimuliwa kibarazani kabla havijachapishwa.

Halafu, Februari 2010, ikaja *Shujaaz*. Iliandikwa kwa Sheng, shujaa wake DJ Boyie akiendesha redio ya siri, na ilitolewa bure ndani ya *Daily Nation* na kupitia vibanda vya mtaani. Nakala zilikuwa nyingi mno, zikasomwa na vijana ambao hakuna kitabu kingine kilichowafikia, na mwaka 2012 ikashinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Nakala zile ziko wapi leo? Gazeti la juzi hufungia nyama buchani na maandazi asubuhi. Komiki iliyokuja ndani ya gazeti iliondoka nalo.

Hapa pana uadimu wa kweli: komiki hizi zilisomwa, zilipendwa, zilitupwa. Sikuahidi utajiri. Soko lenye bei inayojulikana la *Joe* au *Pichadithi* halipo, na atakayekwambia lipo anataka pesa yako. Lakini nakala ya mwisho ya kitu kilichoandika maisha ya baba yako ikiharibika, hakuna mnada wa Marekani utakaokuuzia nyingine.

Namna ya kuzihifadhi bila gharama kubwa

Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa ukiwa bado na lignini, kitu kinachoushikilia ubao pamoja. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa hugeuka manjano na kutoa asidi, na karatasi huanza kukatika yenyewe. Huwezi kukomesha hali hiyo kabisa, lakini unaweza kuichelewesha:

1. Weka kila komiki ndani ya mfuko safi wa polipropilini, plastiki angavu isiyo na harufu kali.
2. Weka nyuma yake kadibodi isiyo na asidi ili isipinde. Kadibodi ya kahawia ya maboksi ina asidi, iepuke.
3. Zisimamishe wima ndani ya boksi lenye kifuniko. Usizirundike kwa uzito.
4. Inua boksi kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu, jiko na dirisha lenye jua.
5. Usitumie selotepu kuunga palipochanika. Gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi.
6. Kagua mara kwa mara kama kuna mende, panya au ukungu.
7. Piga picha za jalada na kurasa, uzihifadhi mahali pengine nje ya nyumba.

Gharama ya haya yote kwa komiki kadhaa ni ndogo kuliko ada ya kupewa daraja komiki moja.

Maswali ya kujiuliza kabla ya kulipa

- Je, ningeitaka komiki hii kama isingekuwa na namba juu yake?
- Orodha ya kampuni inaonyesha kuna nakala ngapi zenye alama hii?
- Namba ya lebo nimeikagua mwenyewe kwenye tovuti, na picha zinalingana?
- Nani, hapa Nairobi, atainunua kwangu nikikwama, na kwa bei gani?
- Pesa hii ikipotea yote, kuna mtu nyumbani atalala njaa?

Majibu mawili tu yakikutia shaka, acha.

Uamuzi

Kijana wa Majengo, hiyo 9.8 ya elfu kumi na tano usiinunue kama biashara. Mama wa California, mnunulie mwanao komiki kumi za kusoma badala ya moja ya kutazama. Fundi wa Shauri Moyo, pesa ya chama ipeleke kwenye vifaa vya kazi yako au kwenye sako iliyosajiliwa. Na yeyote anayesoma sura hii, angalia chini ya kitanda cha babu, ndani ya sanduku la mjomba, juu ya kabati la nyumba ya zamani. Ukikuta *Joe*, *Pichadithi* au *Shujaaz*, usimpe mwenye bucha. Itie mfukoni, iandike jina la aliyekuwa nayo na mwaka, na wasomee watoto. Kama huna pa kuiweka, waulize watunzaji wa maktaba za Kaloleni na Makadara jinsi ya kuihifadhi. Komiki za Marekani zina maelfu ya watunzaji, hizi zetu zinakutegemea wewe.